Gunpei Yokoi: baba wa Game Boy, na mashine iliyotoka mbele ya kuiva

Kila mwaka, mwezi wa kumi na mbili ukikaribia, vijana wa Hewa Bora wanaulizanaka swali moja ndani ya vyumba vya michezo ya televizyo: mashine mpya itatoka lini, na itafika Lubumbashi kwa bei gani? Mwenye chumba naye anafanya hesabu yake. Akinunua mapema sana, atakuwa wa kwanza katika avenue yote, lakini bei iko juu, michezo yake bado kidogo, na ikiharibika hakuna fundi anayeijua. Akingojea sana, wateja watahamia kwa jirani. Franka ni zake, na kosa likitokea ni lake pia.

Makampuni makubwa ya Japani na Marekani yanafanya hesabu hiyo hiyo, lakini kwao ni mamilioni ya dola. Na kuko mtu mmoja aliyeipitia hesabu hiyo pande zote mbili. Mara moja alitoa mashine kwa wakati wake, na dunia nzima ikaishika mkononi. Mara nyingine mashine yake ilitolewa mbele ya kuiva, na ikaanguka mbele ya watu wote. Jina lake ni Gunpei Yokoi. Alikufa mwaka 1997. Vijana wengi wa leo hawajui jina lake, lakini kila mtu anayeshika maneti na kubonyeza ile alama ya msalaba upande wa kushoto anatumia kazi ya mikono yake.

Kijana wa kutunza mashine za karata

Gunpei Yokoi alizaliwa tarehe 10 mwezi wa tisa 1941, katika mji wa Kyoto, Japani. Alisoma mambo ya umeme katika chuo kikuu cha Doshisha, kiko hapo hapo Kyoto. Alipomaliza masomo, mwaka 1965, akapata kazi katika kampuni moja ya mji wake. Kampuni hiyo ilikuwa inaitwa Nintendo.

Wakati ule Nintendo haikuwa na mchezo hata mmoja wa televizyo. Ilianzishwa mwaka 1889, na kazi yake ilikuwa kutengeneza karata za kucheza, zile za Kijapani zenye picha za maua zinazoitwa hanafuda. Yokoi aliwekwa kiwandani kwa kutunza mashine za karata: kutia mafuta, kukaza, kutengeneza pale penye kuharibika. Kwa mtu aliyetoka chuo kikuu, haikuwa kazi ya kujisifia.

Mashine zikienda vizuri, mtunzaji anabaki bila kazi. Yokoi alitumia saa hizo kujichezea. Akatengeneza mkono mrefu wa vipande vilivyopishana kama makasi. Ukibana huku, unanyooka na kushika kitu kilicho mbali kule. Siku moja, mwaka 1966, mkubwa wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akapita kiwandani na kuona ile kitu. Yokoi akaitwa ofisini. Ni wazi alingojea kugombezwa, juu alikuwa anacheza saa ya kazi. Kumbe mkubwa alimpa amri ingine kabisa: ageuze mkono ule kuwa kichezeo cha watoto, kiwe tayari kwa mauzo ya mwisho wa mwaka.

Kikaitwa Ultra Hand. Viliuzwa zaidi ya milioni moja. Nintendo ilikuwa na madeni, na kile kichezeo kilisaidia kuivuta. Yokoi akatolewa kwenye grisi ya mashine na kupewa kazi ya kubuni vichezeo. Hapo alipata somo lake la kwanza juu ya wakati: kichezeo kina msimu wake kama mahindi. Kikifika sokoni wakati mzazi ameshamaliza pesa ya sikukuu, hata kikiwa kizuri namna gani kitalala ghalani.

Kitu ambacho wengine wamekiacha

Toka mwisho wa miaka ya 1960 Yokoi aliendelea na vichezeo vya umeme. Kulikuwa bunduki za mwanga, kulikuwa kifaa cha kupima mapendo kati ya kijana na msichana wakishikana mikono. Kitu kilichobadilisha maisha yake alikiona ndani ya treni ya mwendo wa kasi. Msafiri mmoja, mtu wa ofisi, alikuwa amechoka na safari, akaanza kuchezea kikokotozi chake, anabonyeza tu vibonyezo bila hesabu yoyote. Yokoi akafikiri: na kama mtu mkubwa angepata mchezo mdogo wa kuficha kiganjani, asione haya mbele ya watu?

Wazo hilo lilimfikia Yamauchi kwa njia ya ajabu. Dereva wa mkubwa aliugua, na gari lake lilikuwa la Marekani lenye usukani wa kushoto, ambalo si kila Mjapani aliweza kuliendesha. Yokoi alijua kuendesha gari za namna hiyo, basi akapewa usukani kwa siku ile. Njiani akamweleza mkubwa juu ya mchezo mdogo kama kikokotozi. Yamauchi alisikiliza kama mtu asiyejali. Lakini baadaye akazungumza na wakubwa wa Sharp, kampuni ya vikokotozi, na kazi ikaanza.

Wakati huo Sharp na Casio zilikuwa zimepigana vita ya vikokotozi kwa miaka mingi, kila mmoja anashusha bei. Vita ile ilikuwa inapoa. Vioo vidogo vya kuonyesha namba, ambavyo mwanzoni vilikuwa bei ya juu, sasa vilikuwa vingi na rahisi, na viwanda vya kuvitengeneza vilikuwa vinatafuta kazi. Kama Yokoi angewaza mchezo ule miaka kumi mbele, bei ingemshinda. Mwaka 1980 kila kitu kilikuwa mezani. Tarehe 28 mwezi wa nne mwaka ule, Game & Watch ya kwanza ikatoka: mchezo mmoja, saa moja, kioo kimoja. Mpaka mwisho wa aina ile, ziliuzwa zaidi ya milioni 43.

Mwaka 1982, kwa Game & Watch ya Donkey Kong, Yokoi alihitaji kitu cha kumwongoza mchezaji pande nne bila fimbo ya kusimama, juu fimbo isingeingia mfukoni. Akaweka kibonyezo cha msalaba chini ya kidole gumba. Mwaka uliofuata msalaba huo ukawekwa kwenye maneti ya Famicom, mashine ya nyumbani ya Nintendo, na toka hapo kampuni zote zikaufuata kwa namna moja ao ingine. Ni Yokoi pia aliyemsimamia kijana Shigeru Miyamoto alipotengeneza mchezo wa kwanza wa Donkey Kong mwaka 1981.

Toka hapo Yokoi alikuwa na kanuni yake. Alifundisha vijana wa kitengo chake wasikimbilie teknolojia mpya kabisa. Wachukue ile iliyokwisha kuzeeka kidogo, ambayo kila fundi anaijua, ambayo haiharibiki hovyo na bei yake imeshuka, kisha waitafutie kazi ambayo hakuna mtu aliyeifikiria. Fundi wa Lubumbashi anayetoa kioo kwenye televizyo iliyokufa na kukipa kazi mpya hahitaji kuelezwa kanuni hiyo mara mbili.

Mashine ya pile nne

Kanuni hiyo ilipata mtihani wake mkubwa mwisho wa miaka ya 1980. Nintendo ilitaka mashine ya kubeba mkononi, lakini si ya mchezo mmoja tu kama Game & Watch. Hii ingebadilishiwa michezo kwa kaseti. Rangi kwenye vioo vidogo ilikuwa imeanza kupatikana, na kampuni zingine zilikuwa zinaitayarisha. Yokoi akachagua kioo kisicho na rangi, kisicho na taa ndani, chenye vivuli vinne tu vya kijivu na kijani. Alifanya kazi hiyo pamoja na Satoru Okada, ambaye alisukuma mashine iwe na nguvu zaidi ya kichezeo cha kawaida.

Haikwenda bila matatizo. Kioo cha kwanza kilionekana vizuri tu ukikitazama sawasawa mbele; ukigeuza mkono kidogo, picha inapotea. Yamauchi alipokiona, alikataa. Kwa Yokoi ilikuwa hatari kubwa, juu mipango na Sharp ilikuwa imeshaenda mbali. Lakini mashine haikusukumwa sokoni vile ilivyo. Wakabadilisha aina ya kioo, wakapata kinachoonekana hata kwa pembeni, na hapo tu ndipo kazi ikaendelea.

Game Boy ilitoka Japani tarehe 21 mwezi wa nne 1989, kwa yen 12,500. Ikafika Marekani mwezi wa saba mwaka huo huo, karibu dola 90, pamoja na mchezo wa Tetris ndani ya sanduku. Baada ya miezi michache Atari ikatoa Lynx, yenye rangi na taa, bei karibu mara mbili. Mwaka 1990 Sega ikaleta Game Gear, nayo ya rangi. Mtu akiziweka meza moja, Game Boy ilionekana maskini.

Lakini tia pile ndani. Lynx na Game Gear zilikula pile sita, na Game Gear ilizimaliza kwa saa tatu mpaka tano. Game Boy ilitumia pile nne na kuendelea zaidi ya saa kumi. Mtoto alitoka nayo asubuhi na kurudi nayo jioni bado inacheza. Yeyote anayeishi na delestaji ya umeme anajua tofauti ya mashine inayozima na mashine inayobaki. Game Gear iliuzwa karibu milioni 10. Game Boy, ukihesabu pamoja na ndugu yake ya rangi iliyokuja mwaka 1998, ilipita milioni 118.

Mwaka 1995, kalenda ilipokuwa bwana

Halafu ikaja Virtual Boy, na hapa ndipo maisha ya Yokoi yaligeuka.

Mwanzo wa miaka ya 1990, kampuni moja ndogo ya Marekani, Reflection Technology, ilikuwa na kifaa cha kuonyesha picha karibu na jicho kwa kutumia mstari wa taa nyekundu na kioo kinachotikisika. Kampuni zingine zilizoonyeshwa kifaa hicho zilikikataa. Yokoi alikipenda. Aliona njia ya kumwingiza mchezaji ndani ya giza, mahali ambapo kitu kiko mbali kweli na kingine kiko karibu kweli. Taa za rangi zote zingepandisha bei sana, basi wakabaki na nyekundu tu. Mwanzoni ilifikiriwa iwe ya kuvaa kichwani. Lakini hofu ya macho, ya uzito na ya ajali ikafanya iwekwe kwenye miguu miwili juu ya meza. Mchezaji alipaswa kuinama na kutia uso ndani. Haikuwa ya nyumbani sawasawa, haikuwa ya mkononi sawasawa.

Kitu kama hicho kilihitaji muda. Lakini muda haukuwepo. Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili 1994, Sega ilitoa Saturn na Sony ikatoa PlayStation ya kwanza, zote Japani. Nintendo ilikuwa bado na Super Famicom ya mwaka 1990. Mashine yake mpya, ile iliyokuja kuitwa Nintendo 64, ilikuwa imeahidiwa kwa 1995 lakini haikuwa tayari, ikasogezwa mpaka 1996. Kwa hiyo mwaka 1995 wote ulibaki kama duka lenye rafu tupu katikati. Wanaoandika historia ya Nintendo wanaeleza kwamba kampuni ilitaka kujaza nafasi ile, na ilitaka pia kumaliza kazi ya Virtual Boy haraka ili nguvu na mafundi wageukie Nintendo 64.

Virtual Boy ikatoka Japani tarehe 21 mwezi wa saba 1995, kwa yen 15,000, na Marekani mwezi uliofuata, karibu dola 180. Watu walitia uso, wakaona nyekundu na nyeusi, shingo ikauma, wengine kichwa kikawauma. Kwenye karatasi za ndani kulikuwa maonyo juu ya macho ya watoto wadogo, na mashine yenyewe iliweza kusimamisha mchezo ili mtu apumzike. Mzazi akisoma hayo dukani, anarudisha sanduku mahali pake. Michezo yote iliyopata kutoka, Japani na Marekani pamoja, ilikuwa 22 tu. Ziliuzwa mashine karibu 770,000, wakati kampuni ilitarajia mamilioni. Japani haikumaliza hata mwaka moja sokoni.

Nintendo haikuwa peke yake katika kosa la kalenda mwaka ule. Sega ilikuwa imetangaza kwamba Saturn itauzwa Marekani mwanzo wa mwezi wa tisa. Ghafla, tarehe 11 mwezi wa tano, ikasema imeshaanza kuuzwa siku ile ile, dola 399, ili iitangulie Sony. Michezo ilikuwa kidogo, na maduka ambayo hayakupewa mzigo yalikasirika. Sony ikajibu kwa bei ya dola 299, ikangojea tarehe yake ya mwezi wa tisa, ikatoka na michezo na mashine za kutosha. Aliyetangulia aliachwa nyuma.

Jina linabeba mzigo

Tarehe ya kutoa mashine inaamuliwa ofisini juu kabisa, kwa kuangalia mshindani, mwisho wa mwaka, madeni na ahadi. Lakini mashine ikianguka, watu wanatafuta jina la fundi. Kwa Virtual Boy, jina lilikuwa Yokoi. Mtu aliyekuwa nyuma ya Ultra Hand, Game & Watch, msalaba wa maneti na Game Boy, akawa kwa midomo ya wengi mtu wa ile mashine nyekundu.

Hakuondoka kwa hasira. Alibaki akamaliza Game Boy Pocket, ndogo na nyepesi zaidi, iliyotoka mwezi wa saba 1996. Mwaka huo huo mchezo wa Pokémon ulikuwa umeirudishia Game Boy uhai, na mashine ya miaka saba, ya kijivu, ikaanza kuuzwa upya kama mpya. Mwezi wa nane 1996, baada ya miaka 31, Yokoi akaacha Nintendo. Watu walisema amefukuzwa juu ya Virtual Boy. Yeye mwenyewe alikanusha, akaeleza kwamba toka zamani alikuwa na mpango wa kujitegemea.

Akafungua kampuni yake ndogo Kyoto, ikiitwa Koto. Pale alisaidia Bandai kutengeneza mashine ingine ya mkononi. Kanuni ilikuwa ile ile: bila rangi, bei ya chini, pile moja tu.

Hakuiona ikitoka. Tarehe 4 mwezi wa kumi 1997, alikuwa safarini kwa gari katika jimbo la Ishikawa. Kwenye barabara kubwa ya Hokuriku gari lao likagongana kidogo na gari lingine. Yokoi alishuka kuangalia. Gari ingine ikaja ikamgonga. Alikuwa na miaka 56.

Mashine ya Bandai ilitoka tarehe 4 mwezi wa tatu 1999, kwa yen 4,800, kwa jina la WonderSwan. Mmoja wa michezo yake ulipewa jina Gunpey, kwa kumkumbuka. Iliuzwa Japani, watu waliipenda, lakini ilikuwa imechelewa: Game Boy ya rangi ilikuwa imeitangulia kwa miezi kama mitano, na mwaka 1999 kioo kisicho na rangi hakikuwa tena kitu cha kuvumilia. Hata kanuni nzuri ina saa yake. Kitu kilichozeeka kinafaa wakati watu bado wanakihitaji. Baadaye kinakuwa tu kizee.

Mwaka 2003, wenye kazi ya kutengeneza michezo walimpa Yokoi tuzo ya heshima ya maisha yote katika mkutano wao mkubwa wa Marekani. Alikuwa marehemu kwa zaidi ya miaka mitano.

Makampuni bado yanapiga hesabu ile ile. PlayStation 5 ilitoka mwezi wa kumi na moja 2020, katikati ya Korona, wakati vipande vya elektroniki vilikuwa haba dunia nzima. Kwa muda mrefu watu waliitafuta madukani bila kuipata, na wachuuzi waliiuza kwa bei ya kupita kiasi. Aliyengojea alilipa kidogo na akakuta michezo imeshakuwa mingi.

Basi mwenye chumba cha michezo pale Hewa Bora, akisikia kwamba mpya inakuja, anaweza kumkumbuka mtunzaji wa mashine za karata. Tarehe iliyoandikwa kwenye tangazo inaonyesha tu siku kampuni imeamua kuuza. Kuiva ni kitu kingine. Kabla ya kutoa pesa yake, aulize maswali ambayo Yokoi aliyauliza kwa Game Boy: inaonekana vizuri kwa pembeni, pile zake zitafika jioni, na bei yake mtoto wa avenue ataiweza?